Bifila, koili mbili au mtandao wa L? Njia tatu za kuoanisha impidansi kwenye saketi za nyumbani

Waya wa antena uko kwenye omu 200, redio inataka omu 50. Spika ina omu 8, na kebo ya kuifikia ina urefu wa mita 200. Hali zote mbili zinadai kitu cha kukaa katikati ili nguvu ifike inakokwenda badala ya kurudi ilikotoka au kuishia kuwa joto kwenye waya. Kazi hiyo ndiyo kuoanisha impidansi, yaani upinzani wa saketi kwa umeme unaobadilika, na kwa fundi wa nyumbani njia zilizo karibu ni tatu: koili ya bifila, yaani nyaya mbili zinazozungushwa pamoja kwenye kiini kimoja, transfoma ya koili mbili zilizotengana, na mtandao wa L, ambao ni koili moja na kapasita moja tu.

Zote tatu zinaweza kugeuza omu 50 kuwa 200. Kwa hiyo uwiano peke yake haukusaidii kuchagua, ingawa ndio watu huuliza kwanza. Kinachotenganisha njia hizi ni masafa unayotaka kupitisha na kama pande mbili za saketi zinaruhusiwa kugusana.

Mambo ya kujua kabla ya kuzungusha waya

*Impidansi za pande zote mbili.* Uwiano wa mizunguko ni kipeuo cha pili cha uwiano wa impidansi. Kutoka omu 50 hadi 200 ni mara 4, kwa hiyo mizunguko ni 1 kwa 2. Kutoka 50 hadi 450 ni mara 9, mizunguko ni 1 kwa 3.

*Kama mzigo ni ukinzani mtupu.* Antena ya waya uliokatwa kwa kubahatisha hubeba pia riaktansi, yaani upinzani wa koili au kapasita usiogeuza nguvu kuwa joto. Transfoma haiiondoi, huigawa tu: mzigo wa omu 200 wenye riaktansi ya omu 300 ukipita kwenye transfoma ya 4 kwa 1 unakuwa omu 50 na riaktansi ya 75. Bado haujaoana.

*Upana wa masafa.* Je, unasikiliza kuanzia megahezi 2 hadi 30, au unakaa kwenye megahezi 7 tu?

*Utengano.* Hapa Uganda jambo hili lina uzito kuliko vitabu vingi vinavyolipa. Nyumba nyingi zinatumia sola, na kidhibiti cha chaji pamoja na chaja za simu hutoa kelele kali kwenye masafa mafupi. Kelele hiyo husafiri kwa nyaya za umeme, hupanda kwenye ganda la kebo ya antena na kuingia kwenye redio. Kwa anayesikiliza chini ya megahezi 10, kukata njia hiyo huleta faida kubwa kuliko kupata uwiano kamili, kwa sababu kwenye masafa hayo kelele za nje ndizo zinazofunika kituo.

*Nguvu na vifaa.* Kusikiliza hakuhitaji kiini kikubwa. Kurusha kunahitaji, na kunahitaji pia leseni ya Tume ya Mawasiliano ya Uganda (UCC).

Njia ya 1: koili ya bifila kwenye ringi ya feraiti

*Vifaa.* Ringi ya FT50-43 (ya feraiti, yaani kauri ya sumaku, kipenyo cha nje milimita 12.7) na sentimita 25 za jozi moja iliyotolewa kwenye kebo ya mtandao ya Cat5. Jozi hiyo si ya kubahatisha. Bifila ya 1 kwa 4 hufanya kazi pia kama njia ya mawimbi, na impidansi inayofaa ya jozi yake ni kipeuo cha pili cha 50 mara 200, yaani omu 100. Kebo ya Cat5 imeundwa kwa omu 100 hizo hizo, na vipande vyake hutupwa kila siku na wanaofunga intaneti. Nyaya mbili za vanishi zilizosokotwa, zile za mafundi wa mota wa Katwe, Kampala, hutoa karibu nusu ya hapo. Kwa kusikiliza zinatosha, lakini masafa ya juu hudhoofika mapema.

*Kuunda.* Pitisha jozi mara 8 kwenye tundu la ringi. Kila mara waya unapopita ndani ya tundu ni mzunguko mmoja. Anayehesabu vitanzi vya nje, hesabu yake hupungua mmoja. Mizunguko 8 ya Cat5 hujaza tundu la FT50 karibu lote, kwa hiyo usiache waya ulegee. Sasa una waya A wenye mwanzo na mwisho, na waya B vivyo hivyo. Unganisha mwisho wa A na mwanzo wa B. Mwisho wa B unakwenda ethi, kiungo cha katikati ni upande wa omu 50, na mwanzo wa A ni upande wa omu 200. Mzigo ukiwa wa usawa (hakuna upande wake ulio kwenye ethi), kama dipoli iliyokunjwa, yaani antena ya waya iliyo kitanzi kirefu chembamba, hamishia ethi kwenye kiungo cha katikati: omu 50 zinabaki kati ya kiungo hicho na mwisho wa B, na mzigo unakaa kati ya mwanzo wa A na mwisho wa B.

Pima kabla ya kufunga kwenye boksi. Koili moja ya mizunguko 8 kwenye FT50-43 ina takriban mikrohenri 28. Zikiungwa sawasawa, mbili pamoja zinatoa mara nne, karibu 112, kwa kuwa zote ziko kwenye kiini kimoja. Kipima vipuri cha bei nafuu kitaonyesha milihenri 0.03 halafu 0.11. Ukiona sifuri baada ya kuunga, umeunganisha mwisho na mwisho: sumaku za koili mbili zinafutana. Hilo ndilo kosa linaloua bifila nyingi, na ukilitazama kwa macho huwezi kuliona. Weka alama ya rangi kwenye waya mmoja tangu mwanzo. Cat5 inakufanyia kazi hiyo kwa kuwa jozi ina waya mmoja wa rangi na mwingine mweupe wenye mstari wa rangi hiyo.

*Masafa.* Mapana sana. Kanuni ni kwamba riaktansi ya koili kwenye masafa ya chini kabisa iwe angalau mara 4 hadi 5 ya impidansi iliyoungwa nayo. Mikrohenri 28 kwenye megahezi 1.5 ni omu 264, mara tano ya 50, kwa hiyo unaanza hapo na kupanda hadi 30 bila kurekebisha chochote.

*Utengano.* Hakuna. Pande zote zinashiriki kiungo kimoja. Hata bifila isiyoungwa haitoshi, maana nyaya zimelaliana na kelele huvuka kupitia kapasitansi yao. Usiitumie kamwe kutenganisha saketi na umeme wa ukutani wa volti 240. Faida yake ni kwamba antena ina njia ya moja kwa moja kwenda ethi, hivyo umeme tuli unaojikusanya kwenye waya mrefu kabla ya mvua unashuka wenyewe. Radi ni jambo jingine: ukanda wa Ziwa Viktoria ni kati ya sehemu zenye ngurumo nyingi zaidi duniani, na dawa ni kuchomoa antena.

*Hasara na nguvu.* Ikiundwa hivi hupoteza kidogo, chini ya desibeli 0.5 kwenye megahezi 7, na huhimili wati 5 bila shida.

*Hukosea wapi.* Mbali na miisho, ni kiini. Ringi ya manjano yenye upande mweupe kutoka pawa saplai ya kompyuta si feraiti; ni unga wa chuma wa masafa ya chini, na kwenye masafa ya redio hula nguvu. Ringi nyeusi au ya kijani ya chujio la umeme kwenye pawa saplai hiyo hiyo ni feraiti, lakini kwa kawaida ya manganizi na zinki: inafaa kusikiliza na kwa saketi za kuwasha taa ya LED kwa betri moja, siyo kurusha. Kuna jaribio rahisi. Kwangua rangi sehemu mbili, bonyeza ncha za mita kwenye kiini. Cha manganizi huonyesha ukinzani wa kilo-omu kadhaa hadi mamia. Cha nikeli na zinki, jamii ya 43, mita haisomi kitu. Vinundu vya plastiki kwenye kebo za VGA mara nyingi ndani vina feraiti ya aina hii ya pili. Zungusha waya mara 20, pima, gawanya mikrohenri kwa 400, na unajua mzunguko mmoja unatoa nini: karibu 0.44 maana yake umepata mfano wa FT50-43.

*Inamfaa* anayetaka masafa mengi bila kurekebisha, na ambaye uwiano wake ni 4 au, kwa kuongeza waya wa tatu, 9. Uwiano wa katikati, tuseme 2.5, hauipendi njia hii.

Njia ya 2: transfoma ya koili mbili zilizotengana

*Vifaa.* Kwa redio, ringi ile ile na waya wa vanishi wa milimita 0.4. Kwa sauti, kiini cha chuma cha mabati, kama kilichomo kwenye transfoma ya umeme wa kawaida.

*Kuunda.* Kwa 50 kwenda 200, mizunguko 7 upande mmoja wa ringi na 14 upande wa pili, bila koili kupandana. Kwa 450, 7 na 21. Hapa mwanzo na mwisho havina shida, isipokuwa ukihitaji awamu maalumu. Kabla ya kuwasha, mita kati ya koili mbili lazima isome wazi kabisa. Ikisoma chochote, vanishi imekwanguka kwenye ukingo wa ringi. Kufunga ringi kwa safu moja ya tepu nyembamba kabla ya kuzungusha huzuia hilo.

*Masafa.* Chini ni sawa na bifila. Juu hufika mwisho mapema, kwa sababu koili zilizo mbali huvujisha sumaku, na mvujo huo hufanya kazi kama koili ya ziada kwenye njia. Ukizisogeza karibu, masafa yanapanda na utengano unashuka. Huwezi kupata vyote viwili.

*Utengano.* Ndiyo sababu ya kuichagua. Ethi ya antena inakuwa ya antena, ya redio inabaki ya redio, na kelele ya kidhibiti cha sola inakosa daraja. Chimbia nondo ya ethi ya antena nje, na usiiunganishe na ethi ya redio ndani ya boksi. Wengi hutumia boksi la chuma, wakafunga soketi mbili juu yake, na hapo hapo boksi likarudisha daraja walilolivunja. Tumia boksi la plastiki.

Upande wa sauti, njia hii haina mshindani. Chukua kizindaalo cha sokoni, yaani kipaza sauti cha matangazo, chenye honi 5. Amplifaya ya wati 50 kwenye omu 8 hutoa volti 20. Transfoma ya 1 kwa 5 inazipandisha kuwa volti 100, na kila honi ina transfoma yake ndogo iliyowekwa kwenye wati 10, ambayo ni omu 1000. Honi 5 sambamba ni omu 200. Zikitazamwa kupitia transfoma, 200 kugawa 25 ni omu 8 zile zile amplifaya inazotaka. Sasa angalia kebo. Mita 200 za waya wa milimita mraba 1.5, kwenda na kurudi, zina takriban omu 4.6. Mbele ya mzigo wa omu 200 kebo inakula asilimia 2 ya nguvu. Ungepeleka omu 8 moja kwa moja, ingekula karibu asilimia 36.

Transfoma ya umeme ya 240 kwa 48 ina uwiano huo wa 5 na inaweza kutumika kinyume kwa matangazo ya sauti. Muziki utapoteza nyuzi za juu kidogo. Volti 100 hizo zinaweza kuumiza mtu, kwa hiyo viungo vifunikwe kama vya umeme wa nyumba.

*Hasara na nguvu.* Kubwa kidogo kuliko bifila kwenye redio. Kwenye sauti, chagua kiini chenye VA (volti mara ampea, huandikwa kwenye transfoma) zinazozidi wati zako.

*Hukosea wapi.* Kuzidisha mizunguko. Anayeweka 20 kwa 40 kwenye ringi ndogo akidhani zaidi ni bora, anapata kapasitansi na mvujo vinavyofunga masafa ya juu. Kosa la pili ni la honi: kuongeza moja bila kuhesabu upya. Honi 8 za wati 10 ni omu 125, na kupitia uwiano wa 25 amplifaya inaona omu 5. Amplifaya za leo hazihitaji kuoanishwa kwa usahihi wa redio, lakini mzigo ukishuka chini ya omu zilizoandikwa nyuma yake, zinachemka na kuungua.

*Inamfaa* mwenye kelele za sola au chaja, mwenye spika za mbali, na yeyote ambaye saketi zake mbili zina ethi tofauti.

Njia ya 3: mtandao wa L

*Vifaa.* Kipande cha bomba la PVC la nyaya lenye kipenyo cha nje cha milimita 20, waya wa vanishi wa milimita 0.8, na kapasita. Hakuna feraiti.

*Kuunda.* Hesabu ni fupi. Gawanya impidansi kubwa kwa ndogo, toa 1, tafuta kipeuo cha pili. Jibu ni Q. Kwa 200 na 50: 4 toa 1 ni 3, kipeuo chake 1.73. Riaktansi ya koili ni Q mara impidansi ndogo, omu 86.6, ya kapasita ni impidansi kubwa gawa kwa Q, omu 115.5. Kwenye megahezi 7 hiyo ni mikrohenri 2 na pikofaradi 197. Mizunguko 9 iliyobanana kwenye bomba la milimita 20 hutoa hizo mikrohenri 2. Kwa kapasita, ile ya kuzungusha iliyomo kwenye redio ndogo ya AM huwa na sehemu ya takriban pikofaradi 140 na nyingine ya 60. Ziunganishe pamoja, ongeza kapasita ya NP0 (aina isiyobadilika kwa joto) ya 100 sambamba, na utabaki na nafasi ya kurekebisha kila upande.

Koili inakaa kwenye njia. Kapasita inakwenda ethi kutoka upande wa impidansi *kubwa*. Kapasita ikiwekwa upande wa pili, unaoanisha kinyume.

*Masafa.* Membamba. Ndani ya bendi moja iko vizuri, lakini kifaa hicho hicho kwenye megahezi 14 hutoa SWR inayozidi 20 (SWR ni kipimo cha nguvu inayorudi, na 1 ndiyo kuoana kamili). Kwa anayerusha, wembamba huu una faida, kwa kuwa koili kwenye njia na kapasita kwenda ethi hupunguza mawimbi ya ziada ya juu, ingawa hauchukui nafasi ya chujio kamili.

*Utengano.* Hakuna, na wala hakuna njia ya umeme tuli kwenda ethi. Weka rezista ya kilo-omu 100 kati ya antena na ethi.

*Hasara na nguvu.* Ndogo kuliko zote: koili nzuri ya hewani kwa Q hii hupoteza takriban asilimia 1. Wati chache kwenye omu 200 hazidhuru kapasita ya redio ya AM. Impidansi ikifika maelfu, volti hupanda na plastiki yake hutoboka. Hapo tafuta kapasita ya hewa.

*Hukosea wapi.* Kapasita za bei rahisi za seramiki zisizo NP0 hubadilika kwa joto, na chini ya bati la Kampala saa nane mchana mtandao unahama. Pia kipima vipuri cha kawaida hakisomi mikrohenri 2, huanzia 10. Rekebisha kwa kutazama: weka rezista mbili za omu 100 kwa mfuatano badala ya antena (za kaboni, siyo za waya uliozungushwa, maana hizo nazo ni koili), unganisha NanoVNA (kifaa kidogo cha kupima antena na saketi za redio) au mita ya SWR, kisha vuta mizunguko kidogo kidogo. Ukiiachanisha, induktansi hushuka, ukiibana, hupanda.

*Inamfaa* anayekaa kwenye bendi moja, mwenye uwiano usio wa kawaida, au mwenye antena yenye riaktansi. Ni njia hii pekee kati ya tatu inayoweza kuifuta riaktansi hiyo kwa kuongeza au kupunguza koili.

Na koili bapa ya Tesla?

Wengi hufika kwenye neno bifila kupitia koili hii, kwa hiyo iwekwe mahali pake. Hataza ya Marekani namba 512,340, iliyotolewa tarehe 9 Januari 1894, inaeleza koili ambayo nyaya zake mbili zimeungwa kwa mfuatano. Mfano wake ni koili ya mizunguko 1000 kwenye volti 100: kwa kawaida mizunguko jirani hutofautiana kwa volti 0.1, lakini kwa mpangilio huu ni volti 50. Tofauti ni mara 500, na kwa kuwa nishati ya kapasita hufuata kipeo cha pili cha volti, ndipo inapotoka ile namba ya mara 250,000. Namba hiyo inahusu nishati inayohifadhiwa katikati ya nyaya, siyo nishati inayozalishwa. Lengo la Tesla lilikuwa kuipa koili kapasitansi yake yenyewe ili isihitaji kapasita ya nje.

Kwa jaribio la kuona masafa ya resonansi yakishuka inapendeza sana: zungusha bapa mbili zenye urefu sawa wa waya, moja ya kawaida na moja ya bifila, uzilinganishe kwenye NanoVNA. Kwa kuoanisha masafa mapana, kapasitansi hiyo hiyo ndiyo usiyoitaka.

Kwa hali yako

Unasikiliza masafa mafupi nyumbani Mbale au Arua, na redio inanguruma kila jua likitoka: njia ya 2, na ethi mbili tofauti. Kelele ikipungua, usihangaikie uwiano.

Uko mbali na sola na chaja, redio ya betri, unataka kuzunguka bendi zote: bifila ya mizunguko 8.

Una leseni na unarusha wati 5 kwenye megahezi 7: mtandao wa L kama antena ina riaktansi au uwiano wa ajabu, bifila kama ni dipoli iliyokunjwa, ambayo tayari iko karibu na omu 300 na haina riaktansi kwenye masafa yake. Kwa kebo ya omu 75 hapo inaoana vizuri.

Una honi au spika za mbali: transfoma ya chuma, na hesabu ya wati za honi zote kabla ya kupanda ngazi.

Una ringi moja tu isiyo na namba na hujui uanze wapi: fanya jaribio la mita kwenye kiini, kisha zungusha bifila. Isipokuridhisha, fungua kiungo cha katikati, ondoa waya na utumie ringi hiyo hiyo kwa koili mbili zilizotengana.